Ukuta wa Chumba cha Zamu

Nyinyi vijana wa idara mlionikatia keki siku ya kuniaga, mliniomba niandike kidogo kuhusu miaka yangu kazini ili mpate cha kujifunza. Nimechelewa kuandika kwa sababu sina hakika mtajifunza nini. Baadhi yenu mko mbioni kwenda ng'ambo kusomea vinu vya nyuklia, na nasikia ipo siku nchi yetu itakuwa na kinu chake. Mungu awasaidie. Mimi hapa Gisenyi kazi yangu ya nyuklia ilikuwa kupima mifuko ya madini ya koltani, kupima kuta, na mara mojamoja kumtuliza mtu aliyesikia neno mionzi akadhani bomu limefika wilayani kwetu Rubavu. Vyeo na mishahara nitaviruka. Mshahara mnaujua, na vyeo havikuwa vya kusumbua mtu.

Nilianzia Kongo, nilikozaliwa na kusoma. Nilipomaliza fizikia nilipata nafasi kwenye kinu kidogo cha utafiti, nikaenda siku ya kwanza nimevaa tai ya kuazima, nikitegemea kuonyeshwa kinu chenyewe. Injinia Mbuyi, mkuu wa vipimo, mtu mfupi mwenye sauti ya mkutano wa hadhara, alinikabidhi kompta, kifaa cha kuhesabu mionzi, na kunifungulia chumba kitupu.

"Citoyen," akaniita, yaani mwananchi, "pima hiki chumba."

"Nipime nini ndani yake?"

"Hakuna kitu ndani. Pima."

Nilipima utupu huo wiki nzima. Kila jioni alichukua namba zangu, akazitazama, akasema kesho tena. Mwisho nikaelewa. Chumba kitupu nacho kina mionzi: inatoka ukutani, sakafuni, angani, hata ndani ya kompta yenyewe. Ukitaka kujua mfuko wa madini unatoa kiasi gani, lazima kwanza ujue mahali penyewe panatoa kiasi gani bila huo mfuko, halafu utoe namba ya mahali kwenye namba ya mfuko. Hiyo ya mahali tuliiita kipimo cha msingi. Ukiikosea, hesabu zako zote zitakuwa na makosa, tena makosa safi yaliyopangwa vizuri, na hakuna atakayeyaona. Mbuyi aligombeza watu kwa mambo mengi ya kipuuzi, lakini kwa hili hakuwahi kukosea. Nilimpenda kuliko alivyostahili.

Vita vilipochafua kila kitu tulirudi Rwanda. Nasema tulirudi kama wote wanavyosema, ingawa mimi nilikuwa sijawahi kukanyaga nchi hiyo ya wazazi wangu. Hapa hapakuwa na kinu. Palikuwa na ofisi moja, meza mbili, na kompta ya zamani yenye mkono wa kushikia uliofungwa kwa plasta ya hospitali. Kifuniko cha betri kilikuwa kimepotea, nami nikakitengeneza kwa kipande cha ndoo. Nilikaa na kompta hiyo muda mrefu kuliko wanaume wengi wanavyokaa na mke mmoja. Nilijua ikipatwa na baridi inachelewa kuamka, na nilijua ikianza kulia hovyo ni unyevu tu, haijaona kitu.

Shida yangu ya kwanza ilikuwa mji wenyewe. Mnajua Gisenyi imejengwa kwa makoro, haya mawe meusi ya volkano: misingi, uzio, barabara, hata ofisi yetu. Makoro yana mionzi yake kidogo, haimdhuru mtu, lakini inatosha kuchafua kipimo cha msingi. Kila nilipotafuta mahali pa kupata namba ya kweli, jiwe lilikuwa pale. Nikamkumbuka Mbuyi, nikashuka Rubona, ufukoni mwa ziwa, nikatafuta mtumbwi. Maji mengi huzuia mionzi ya ardhini, kwa hiyo ukienda mbali kidogo na ufuko, kinachobaki ni cha angani na cha kompta yenyewe. Ndivyo ikawa desturi yangu: kila Jumatatu asubuhi napima juu ya maji, na siku zilizobaki za wiki natumia namba hiyo.

Mwenye mtumbwi aliitwa Bosco. Alinipeleka miaka mingi bila kuridhika na maelezo yangu.

"Papa Fausti, leo tena tunaenda kupima maji? Hii maji iko na nini?"

"Haina kitu, Bosco. Njo maana tunaenda."

"Eeh. Batu ya serikali." Alitikisa kichwa akaendelea kupiga kasia. "Banalipwa juu ya kutafuta kitu yenye haiko."

Ofisini waliniita mpima samaki. Sikujali, kwa sababu namba ya majini ilinipa kesi ambazo wengine wasingeziona. Moja mtaikuta kwenye makabati yenu. Zamani Wazungu walikuwa na mtindo wa kuweka radiamu kwenye ncha za vyuma vya kuzuia radi, wakiamini vitafanya kazi vizuri zaidi. Havikufanya. Nyumba moja ya kikoloni karibu na ziwa ilipoezekwa upya, fundi alishusha chuma hicho, kikapita mkono kwa mkono hadi kwa fundi cherehani mmoja mjini, aliyekipenda kwa sababu ni cha shaba na kinang'aa. Alikiweka mezani akawa anatundikia uzi. Nilikuwa nimekwenda kupunguza suruali, kompta begani, na kompta ikapiga kelele; nikalinganisha na namba ya Jumatatu, nikajua si unyevu. Yule fundi alininunia kwa kumwondolea pambo lake kuliko alivyonishukuru. Chuma kile kiko ndani ya chungu cha risasi, ile metali nzito inayozuia mionzi, rafu ya chini kulia. Msikifungue ili kuona kama ninasema kweli.

Nilikuwa nimeanza kuzeeka walipomleta Consolata. Familia yake ilirudi kutoka Karagwe, kwa hiyo alizungumza Kiswahili cha Tanzania kilichonyooka, na kila asubuhi aliniamkia shikamoo mpaka wenzake wakadhani ananitania. Alikuwa ametoka chuoni na fizikia kichwani na hakuwahi kushika kompta. Nikamfanyia alivyonifanyia Mbuyi, chumba kitupu wiki nzima. Siku ya tatu aliniuliza, "Mzee, kwa nini namba zinapanda mvua ikinyesha?" Mimi swali hilo sikuliuliza mpaka mwaka wa pili. Jioni ile nilimwambia mke wangu kwamba nimepata wa kumwachia kazi.

Jumatatu tulikuwa tunakwenda majini wote wawili. Alikuwa anaogopa maji, hajui kuogelea, anashika ukingo wa mtumbwi kwa mkono mmoja na kuandika kwa mwingine. Hakukosa hata Jumatatu moja.

Sasa nifike kwenye depo, yaani ghala, nisilolisahau. Lilikuwa moja kati ya maghala ya koltani kwenye barabara ya kwenda Rubona, sitalitaja jina. Mifuko ilikuwa inapangwa hadi karibu na dari ikisubiri kusafirishwa, na kazi yetu ilikuwa kuipima tujue ipi isafirishwe kwa alama ya mionzi na ipi bila. Kazi ya kawaida. Lakini nyuma ya ghala, kwenye ukuta uleule uliokuwa ukiegemewa na mifuko, walikuwa wamejenga chumba cha zamu, yaani mlinzi. Zamu mwenyewe alikuwa Shabani, mtu wa mjini, wa familia ya Waislamu waliokuwa wachuuzi tangu babu zao. Aliishi mle na mkewe Zaina na mtoto wao Hamisi. Chumba hakikuwa na dirisha. Tundu la hewa walikuwa wameliziba kwa matambara kwa ajili ya baridi.

Consolata ndiye aliyeomba tuingie. Zaina alitukaribisha kitandani, kwa kuwa kiti hakikuwapo, na kitanda kilikuwa kimebanwa ukutani. Consolata akaweka kompta juu ya mto. Akanigeuzia kompta nisome. Tulipotoa kipimo cha majini kwenye namba ile, kilichobaki kilikuwa kingi mno kwa mahali pa mtu kulala kila siku. Hiyo ni mionzi ya ukutani tu. Madini hayo hutoa pia gesi, radoni, isiyo na harufu wala rangi, na chumba kisichopitisha hewa huikusanya na kuituamisha humo. Vifaa vya kupimia gesi hiyo tuliviomba, tukaahidiwa. Naona bado mnaahidiwa.

Nilimweleza Shabani. Alisikiliza kwa adabu.

"Papa Fausti, we unasikia kitu mi sisikie. Mi nasikia panya tu."

"Sogeza kitanda upande wa pili basi."

"Kule inavuja. Batoto inalala kwa maji?" Alikuwa na mtoto mmoja, lakini alisema hivyo. "Na bakituondoa hapa, tunaenda wapi? Chumba iko ndani ya kazi. Nikitoka kwa chumba, nimetoka kwa kazi."

Tulipeleka ripoti kwa mkuu wetu wa wakati huo. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa foleni fupi na simu chache.

"Faustin, écoute, sikiliza. Hiyo ni depo ya koltani. Unataka niandikie wenyewe kwamba koltani yao iko na koltani?"

Kabla sijafungua mdomo Consolata akasema, "Hatuzungumzii depo, mkuu. Tunazungumzia kitanda."

"Na kipimo cha msingi mulichukua wapi?"

"Ziwani."

"Voilà. Ziwani nani analala? Chukueni pale mlangoni kwa depo, mutoe, muone kama kitabaki kitu."

Hapo ndipo penye kosa lote, na nataka mlielewe vizuri kwa sababu mtakutana nalo. Mlango wa depo ni mahali pazuri pa kusimama. Una kivuli, mvua haikupigi, mlinzi anakuletea kigoda. Lakini kila mfuko ulioingia depo ulipita mlango ule, na kila mfuko uliotoboka ulimwaga vumbi pale. Kizingiti chenyewe kilikuwa mgodi. Ukichukua kipimo cha msingi mlangoni, unahesabu koltani kama asili ya mahali, kisha unaitoa kwenye hesabu, na koltani inayobaki inaonekana haipo. Namba zitakuwa nzuri. Mtu anaweza kulala juu ya madini yenyewe na karatasi ikasema yuko ufukoni.

Consolata aligoma kutia saini namba ya mlangoni. Alimwambia mkuu kwamba atasaini ya majini au hatasaini kabisa, akakaa hivyo wiki kadhaa huku akitafutiwa uhamisho. Nilijivunia binti yule kama wangu. Mwishowe wenye depo, ambao mifuko yao haikuweza kusafirishwa bila saini, walichoka, wakakubali kusogeza mifuko mbali na ukuta na kutoboa dirisha. Dirisha lilitobolewa. Mifuko ilisogezwa. Nilipima tena, namba ikashuka kama inavyotakiwa, na Zaina alitupikia sambaza, vile visamaki vya ziwani. Ikiwa mnataka siku moja ya furaha katika maandishi haya, ni hiyo, kaeni nayo.

Msimu uliofuata koltani ilikuja nyingi, na mifuko ikarudi ukutani. Wezi walipitia dirishani, dirisha likazibwa kwa matofali. Nilipiga kelele, wakaisogeza, wakairudisha. Ikawa ndiyo kazi yangu, kupiga kelele kila baada ya miezi michache.

Wakati huo Consolata aliitwa Kigali. Nilifurahi, na sisemi hivyo kwa unafiki. Nilifikiri, sasa kutakuwa na mtu juu anayejua ukuta ule. Alipanda haraka, kwa haki, kwa kuwa alikuwa hodari kuliko wote, na baada ya miaka akawa ndiye mwenye kutoa miongozo ya vipimo kwa nchi nzima. Kisha mwongozo wake ukafika mezani kwangu, mimi niliyekuwa nimeachiwa kituo. Nilipofika kwenye kipimo cha msingi nilivua miwani nikaifuta. Kilitakiwa kuchukuliwa kwenye lango la jengo linalopimwa.

Nilimpigia simu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Consolata, umeandika langoni."

"Nimeandika, mzee. Wilaya nyingi hazina ziwa. Nahitaji mahali ambapo kila mpimaji nchini anaweza kupapata, na wote wapate kwa njia moja. Na fundi mmoja alianguka kwenye mto akitaka kukuiga, alinusurika kufa. Mimi ndiye niliyejibu maswali."

"Weka uwanja wa wazi, basi. Weka mbali na jengo."

"Mbali kiasi gani? Kila mtu atachagua mbali yake. Tulijadili sana, mzee. Hakuna kilicho kamili."

"Na kitanda je?"

"Mwongozo ukianza kutumika vizuri, tutaurekebisha."

Niliaga nikakata simu. Kila alichosema kilikuwa na maana, na ndiyo maana kilinivunja moyo. Mkuu wa zamani alikosea kwa uvivu, ningeweza kugombana naye mpaka kesho. Huyu nilimfundisha mwenyewe, alijua, akapima faida na hasara kama kiongozi, na ukuta ule ukaanguka upande wa hasara. Mnaotaka kuwa viongozi mtaambiwa uongozi ni kujua. Mimi sijui tena ni nini.

Timu ilikuja kutoka Kigali kupima depo zote kwa mwongozo mpya. Vijana wazuri, vifaa vipya, kompta isiyohitaji plasta. Walisimama mlangoni wakachukua kipimo cha msingi. Niliwaonyesha kizingiti, niliwaonyesha vumbi kwa kidole. Mmoja akaniambia kwa heshima kwamba anaelewa, ila hana mahali pa kuliandika hilo. Depo ikapewa karatasi safi, na wenyewe wakaiweka kwenye fremu. Ripoti zangu za majini zilirudi kila mara na ujumbe uleule: hazifuati mwongozo. Niliendelea kwenda na Bosco Jumatatu, lakini nakiri kwamba miaka ya mwisho nilikwenda kwa ajili ya kukaa kimya mahali fulani.

Shabani alianza kukohoa mwaka wangu wa mwisho kazini. Walimtibu kifua kikuu, hakikuwa hicho. Walipogundua ni saratani ya mapafu hapakuwa na la kufanya. Hakuwahi kuvuta sigara. Lakini alipikiwa kwa mkaa chumbani miaka yote, na moshi wa volkano tunauvuta wote, na watu wasiojua ghala la koltani huugua ugonjwa huohuo. Sayansi yetu inaweza kuzungumzia watu elfu. Ukimletea mtu mmoja, na jina lake, na mjane wake, inakaa kimya. Nimeishi na jambo hilo maisha yangu yote ya kazi na sikuwahi kulichukia mpaka siku ya mazishi yale.

Nilistaafu muda mfupi baadaye. Nikarudisha kompta, beji na ufunguo.

Zaina alikuja nyumbani kwangu akiwa bado kwenye eda, amefuatana na dada yake, na nilijua si jambo dogo kwa mjane kutoka. Alikataa chai.

"Papa Fausti, mi sikuje kuuliza juu ya Papa Hamisi. Yule Mungu amemuchukua. Nakuja juu ya Hamisi. Depo banamupa kazi ya baba yake, na chumba."

"Hamisi ameoa," nikasema.

"Ameoa, na bibi yake iko na mimba. Banafurahi sana. Mukubwa ya depo alitusomea karatasi ya Kigali, anasema chumba iko muzuri, serikali imepima. We zamani ulisema iko mubaya. Sasa mi nishike gani?"

Nilimwambia wasilale mle. Nilimweleza mlango, vumbi, ukuta, gesi, polepole, kama ninavyowaeleza nyinyi. Alielewa. Nilimwona anaelewa.

"Bon. Uniandikie vile, na muhuri, niwapelekee."

"Mama Hamisi, mimi nimestaafu. Sina muhuri."

"Donc, basi, ni maneno ya mudomo tu."

"Ni ya kweli."

"Najua ni ya kweli," akasema. "Lakini Hamisi hana kazi ingine."

Alipoondoka nilimpigia Consolata. Nilimweleza yote, na nikamwambia Shabani amekufa. Nilisikia anafunga mlango wa ofisi yake. Alilia, nadhani. Kisha akasema nilete malalamiko kwa maandishi, naye atayashughulikia mwenyewe, ila ni lazima yapitie kwa mkuu wa kituo cha Gisenyi ili yawe na uzito.

"Mkuu wa kituo cha Gisenyi nilikuwa mimi," nikamwambia. "Na hamjaleta mwingine."

"Najua, mzee. Nafasi inasubiri bajeti."

"Itasubiri mpaka lini?"

"Sijui, mzee. Kwa kweli sijui."

Niliandika hata hivyo. Nilipeleka bahasha mwenyewe kwenye ofisi yangu ya zamani, na mmoja wenu, sitamtaja, aliipokea kwa mikono miwili na kuiweka kwenye meza ya mkuu wa kituo, mahali inapostahili. Nikipita barabarani naiona kupitia dirishani.

Hamisi na mkewe wamehamia. Mtoto amezaliwa salama, wa kiume, wamempa jina la babu yake. Mama Hamisi amenialika nikamwone, na mpaka naandika haya sijaenda, kwa sababu najua watanikaribisha kitandani.